Je, Wajua? Sedani ya Baba Iliyoingia Kwenye Gemu

Magari mengi ya familia yanayopita Nyamagana, Mwanza, kila siku, kutoka Buhongwa hadi Igoma, yana ndugu zao waliokimbia kwenye mashindano ya kweli na kwenye gemu za PlayStation. Sura ni moja, milango ni ileile minne. Kinachowatofautisha kimefichwa chini ya boneti na kwenye herufi chache za chasisi. Leo tunafungua boneti.

UKOO WA MARK II

1. Je, wajua kuwa "GX 100" hueleza gari zima kwa herufi mbili na namba moja? G ni familia ya injini, yaani 1G. X ni ukoo wa Toyota Mark II na ndugu zake. Namba 100 ni kizazi. Ndiyo maana muuza spea akisikia "GX 110" haulizi mara ya pili.

2. Ondoa G, weka JZ, unapata JZX100. Mwili ni uleule, viti ni vilevile, na buti bado linameza gunia la mchele na begi za watoto. Lakini toleo lake lenye turbo ndilo vijana wa Japani walilolifanya gari la kuteleza kwa makusudi kwenye kona.

3. Mark II ya kwanza ilitoka mwaka 1968 ikiitwa Corona Mark II. Chaser ilifuata 1977, Cresta 1980. Kufikia 2004 jina la Mark II lilimwachia nafasi Mark X, nayo ikaacha kutengenezwa 2019.

4. Kwa nini Toyota ilitengeneza magari matatu yanayofanana hivyo? Kwa sababu ya maduka. Japani, Toyota ilikuwa na mitandao kadhaa ya wauzaji, na kila mmoja ulitaka gari lake: Mark II iliuzwa na mtandao mmoja, Chaser wa pili, Cresta wa tatu. Wahandisi walibadilisha taa, show na mapambo ya ndani, basi.

5. Njia rahisi ya kuwatambua pacha hawa: fungua mlango. Kwenye Mark II na Chaser za kizazi cha 100, kioo cha mlango husimama peke yake bila fremu. Kwenye Cresta, kioo kimezungukwa na fremu ya chuma.

6. Maandishi ya nyuma ya gari yana ngazi zake. "Grande" ni ya mtu mzima anayetaka kukaa vizuri. "Tourer S" ina injini ya lita 2.5 isiyo na turbo. "Tourer V" ndiyo yenye turbo, na ndiyo iliyoingia kwenye gemu.

7. GX 100 ya familia na GX 100 ya teksi hutofautiana kwa rangi ya namba tu. Tanzania, gari binafsi hubeba kibao cha njano, na gari la biashara hubeba cheupe.

FARASI CHINI YA BONETI

8. Injini ya 1G-FE iliyomo kwenye GX 100 ina ujazo wa cc 1,988 na silinda sita zilizopangwa mstari mmoja. Mpangilio huo hujisawazisha wenyewe: silinda za mbele na za nyuma hufuta mitikisiko ya wenzao. Ndiyo sababu abiria wa nyuma husinzia kabla hata hamjafika Mkolani.

9. Nguvu yake? Karibu farasi 140 mwanzoni, na 160 baada ya kuwekewa teknolojia ya VVT-i mwaka 1998.

10. Sasa mtazame ndugu yake. Injini ya 1JZ-GTE ya Tourer V ina cc 2,491, silinda sita pia, lakini inatoa farasi 280. Karibu mara mbili ya GX 100 ya kwanza, ndani ya mwili uleule. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu.

11. Namba hiyo ya 280 haikuwa bahati. Mwishoni mwa miaka ya 1980, makampuni ya Japani yalikubaliana kuwa gari lolote watakalouza nchini mwao lisitangazwe kuzidi farasi 280. Hakukuwa na sheria, yalikuwa makubaliano ya waungwana. Ndiyo maana magari mengi makali ya Japani ya zama hizo yana namba ileile kwenye karatasi, hata pale injini ilipokuwa na uwezo zaidi. Makubaliano yalivunjika 2004, Honda ilipotoa Legend ya farasi 300.

12. 1JZ-GTE ilipozaliwa mwaka 1990 ilikuwa na turbo mbili. Mwaka 1996, kwenye kizazi cha 100, Toyota ikaondoa mbili na kuweka moja, pamoja na VVT-i. Farasi walibaki 280 kwenye karatasi, lakini msukumo uliwahi zaidi: nguvu yote ya kusukuma ilipatikana injini ikizunguka mara 2,400 tu kwa dakika, wakati zamani ilibidi ifike 4,800. Kwa dereva wa mjini, maana yake ni kwamba gari linaruka mbele hata bila injini kupiga kelele.

13. Turbo haili petroli. Inazungushwa na moshi unaotoka kwenye injini, na mzunguko wake unaweza kuzidi mara 100,000 kwa dakika. Ndiyo maana mafundi wanasisitiza: ukitoka kukimbiza gari, liache lingurume kidogo kabla ya kuzima, ili oili iendelee kupoza beringi za turbo.

14. Umeona dashibodi za magari yaliyotengenezwa kwa soko la Japani mara nyingi huishia 180? Magari hayo hufungwa kidhibiti kinachozuia mwendo kuzidi hapo. Tourer V ina uwezo wa kuvuka namba hiyo, ila kompyuta yake inakatalia. Kwenye gemu kidhibiti hicho hakipo.

15. Tourer V iliuzwa pia na giaboksi ya gia tano za mkono. Gari la baba lenye klachi na turbo! Hizo ndizo zinazotafutwa leo kwa udi na uvumba, na bei zake Japani kwenyewe zimepanda.

ALTEZZA, KIJANA WA MJINI

16. Toyota Altezza ilitoka 1998 na mara moja ikatwaa tuzo ya Gari la Mwaka la Japani ya 1998–1999. Ughaibuni iliuzwa kama Lexus IS 200.

17. Altezza RS200 haina turbo, lakini injini yake ya lita 2.0, iliyotengenezwa kwa kushirikiana na Yamaha, inatoa farasi 210 ikizunguka mara 7,600 kwa dakika. Gia za mkono ni sita. Kuipata nguvu hiyo lazima uiache injini ipande juu kabisa. Ukibadilisha gia mapema, unaendesha gari la kawaida.

18. Lakini je, wajua kuwa Altezza AS200 ina injini ileile ya 1G-FE iliyomo kwenye GX 110? Chasisi yake huanza na GXE10, na ile G umeshaijua. Kijana anayetamba na Altezza yake ya AS200 ana farasi 160, sawasawa na teksi iliyoegeshwa pembeni.

19. Mhandisi mkuu wa Altezza, Nobuaki Katayama, alikuwa pia miongoni mwa watu wa AE86, Corolla ndogo iliyopata umaarufu kwa kuteleza kwenye barabara za milima ya Japani.

20. Taa za nyuma za Altezza, zenye kioo cheupe na duara nyekundu ndani, ziliigwa dunia nzima. Marekani watu walizifunga kwenye magari ya kila aina na kuziita kwa jina la gari hili, ingawa gari lenyewe halikuuzwa kule kwa jina hilo.

KWA NINI GARI LA FAMILIA LIPEWE INJINI YA MASHINDANO?

21. Jibu ni kanuni. Kwenye mbio za magari za dunia za Kundi A, kampuni haikuruhusiwa kuingiza gari mpaka iwe imetengeneza idadi fulani ya magari kama hayo kwa ajili ya wateja wa kawaida. Mwaka 1993 idadi hiyo ilikuwa 2,500. Kwa hiyo Subaru na Mitsubishi zililazimika kuwauzia watu wa kawaida magari yenye turbo, nguvu kwenye magurudumu yote manne, na viti vya watoto nyuma.

22. Mahasimu hao walizaliwa karibu wakati mmoja: Lancer Evolution ya kwanza ilitoka Oktoba 1992, Impreza WRX Novemba 1992. Zote zilikuwa na lita 2.0.

23. Ule mngurumo wa Subaru wa dugudugu unaoujua hata kabla gari halijatokea kwenye kona, unatoka wapi? Injini yake ina silinda nne zilizolala, mbili kila upande. Mabomba yanayokusanya moshi kutoka pande hizo yalikuwa na urefu usiolingana, kwa hiyo mapigo ya moshi yanafika kwenye ekzosi yakiwa yamepishana.

24. Nembo ya Subaru ni nyota sita za Kilimia, nyota ambazo wakulima wetu wamezitumia tangu kale kujua majira ya kupanda. Kubwa moja na ndogo tano, kukumbuka makampuni matano yaliyoungana kuunda Fuji Heavy Industries.

25. Tommi Mäkinen wa Finland alitwaa ubingwa wa dunia wa mbio za magari mara nne mfululizo, 1996 hadi 1999, akiwa na Lancer Evolution. Mwaka 1996, njiani kuelekea ubingwa wa kwanza, alishinda Safari Rally ya Kenya kwa Evolution III. Akarudi kuishinda tena 2001.

SEDANI KWENYE TOPE LA AFRIKA MASHARIKI

26. Safari Rally ilianza 1953, na haikuwa ya Kenya peke yake. Magari yalipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Ilifanyika kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II.

27. Mwaka 1961, Anne Hall wa Uingereza na msoma njia wake Lucille Cardwell walimaliza wa tatu wakiwa na Ford Zephyr, gari kubwa la familia la Kiingereza. Wanaume waliobaki nyuma yao walikuwa wengi.

28. Kwa miaka mingi mbio zilifanyika wakati wa Pasaka, masika yakiwa yamepamba moto. Mwaka 1963 yalianza magari 84 na kumaliza saba tu. Mwaka 1968 yalianza 93, na kumaliza saba tena! Mshindi wa miaka yote miwili alikuwa mtu mmoja, Nick Nowicki, ndani ya Peugeot 404. Wazee waliiita Pijo: gari la daktari, la padri, la mkuu wa shule, lenye milango minne na injini ya cc 1,618.

29. Katikati ya ushindi huo wa Nowicki, Peugeot 404 ilishinda mara mbili nyingine, 1966 na 1967. Aliyeshika usukani alikuwa Bert Shankland, mzaliwa wa Scotland aliyekuwa akiishi Tanzania. Akiwa na Chris Rothwell, aliipa Tanzania jina kwenye orodha ya washindi miaka miwili mfululizo.

30. Gari la mtumba limewahi kushinda Safari? Ndiyo. Mwaka 1965 Joginder Singh wa Kenya, akisomewa njia na ndugu yake Jaswant, alishinda na Volvo PV544 iliyokuwa imeshatumika kwenye mbio za mwaka uliotangulia, ikiendeshwa na Msweden Tom Trana. Mgeni aliiacha, mwenyeji akaitengeneza, akachukua kombe.

31. Joginder, aliyeitwa Simba wa Kenya, alishinda tena 1974 na 1976, mara hizi na Mitsubishi Lancer 1600 GSR. Mwaka 1976 Lancer zilichukua nafasi tatu za kwanza zote. Hiyo ilikuwa miaka 16 kabla ya Evolution kuzaliwa.

32. Mwaka 1973 magari mawili yalimaliza yakiwa na pointi sawasawa za adhabu baada ya maelfu ya kilomita. Shekhar Mehta akiwa na Datsun 240Z, na Harry Källström wa Sweden akiwa na Datsun ya sedani. Waamuzi wakampa Mehta, aliyekwenda mbali zaidi kabla ya kupata adhabu yake ya kwanza. Mehta, mzaliwa wa Uganda, alikuja kushinda tena mara nne mfululizo, 1979 hadi 1982.

33. Mwaka 1987 Hannu Mikkola wa Finland alishinda na Audi 200 quattro, gari refu la mkurugenzi. Lilikuwa gari la kwanza lenye nguvu kwenye magurudumu yote manne kushinda Safari.

34. Patrick Njiru wa Kenya alimaliza Safari ya 1993 akiwa na Subaru Vivio, kigari chenye injini ya cc 660. Mwaka uliofuata akapewa Impreza WRX ya kundi la magari yaliyo karibu kabisa na yale ya dukani. Akamaliza wa nne kwa jumla, akiyaacha nyuma magari yaliyotengenezwa mahususi kwa mbio.

35. Impreza iliyompa Colin McRae ushindi wa Safari ya 1997 haikuwa na milango minne. Ilikuwa na miwili. Ya Njiru ndiyo iliyokuwa sedani halisi.

36. Baada ya 2002 Safari ilitolewa kwenye kalenda ya dunia, ikarudi 2021. Tangu hapo hadi 2025, kila mwaka mshindi alikuwa ndani ya Toyota.

KWENYE SKRINI

37. Gemu la Gran Turismo lilitoka Japani tarehe 23 Desemba 1997. Mbunifu wake, Kazunori Yamauchi, na timu yake walikuwa wamelifanyia kazi kwa takriban miaka mitano. Liliuzwa nakala zaidi ya milioni 10 na kuwa gemu lililouzwa kuliko yote kwenye PlayStation ya kwanza.

38. Kabla yake, gemu nyingi za magari zilikupa gari la ndoto tangu mwanzo. Yamauchi alikupa fedha za gemu 10,000 na kukupeleka yadi ya magari yaliyotumika ya Japani. Ulinunua ulichoweza, ukashindana, ukapata fedha, ukabadilisha ekzosi, ukafunga turbo kubwa zaidi. Mnunuzi wa Mwanza anaielewa hesabu hiyo bila kufundishwa.

39. Miongoni mwa magari ya gemu hilo la 1997 zilikuwamo Chaser Tourer V na Mark II Tourer V, bega kwa bega na Supra, Impreza na Lancer Evolution. Gari la kupeleka watoto shule lilikuwa mstari mmoja na magari ya michezo.

40. Gran Turismo ilikuwa pia na leseni. Ulianza na B, ukapanda A, kisha ya kimataifa. Ukifeli kufunga breki ndani ya mstari, unarudia. Tanzania leseni ya gari dogo binafsi ni daraja D, na A ni ya pikipiki, kwa hiyo bingwa wa gemu mwenye "leseni A" asijaribu kumweleza trafiki.

41. Gran Turismo 3 ilikuwa na mashindano ya Altezza peke yao. Kwa wachezaji wa Need for Speed: Most Wanted ya 2005, Altezza ilikuwamo pia, ila kwa jina lake la Marekani, Lexus IS 300. Wengi waliokimbizwa na polisi wa gemu hilo hawakujua wamekaa ndani ya gari wanaloliona mtaani.

42. Barabara za Afrika Mashariki nazo zimo. Colin McRae Rally 2.0 ya mwaka 2000 ilikuwa na hatua za Kenya, vumbi jekundu na yote. WRC 9 ya 2020 ilirudisha Kenya kabla hata mbio zenyewe hazijarudi mwaka uliofuata.

43. Toyota Crown Athlete, gari la wakubwa hapa kwetu, imo kwenye Gran Turismo Sport kama gari la usalama, lile linaloongoza msafara mbio zinapopoozwa.

44. Mwaka 2011 Jann Mardenborough, kijana wa Uingereza, alishinda mashindano ya Gran Turismo na zawadi yake ikawa kiti ndani ya gari la mashindano la kweli. Alikuja kukimbia kwenye mbio za Saa 24 za Le Mans. Filamu ya maisha yake ilitoka 2023.

45. Na mwaka 2021 Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki iliiingiza Gran Turismo kwenye mashindano yake ya kwanza ya michezo ya mtandaoni. Mzazi anayemfukuza mtoto kwenye kibanda cha gemu ana sababu zake, lakini "gemu halina maana" isiwe mojawapo.

KUTOKA JAPANI HADI NYAMAGANA

46. Kwa nini Wajapani huuza magari ambayo bado ni mazima? Gari jipya la kawaida hukaguliwa baada ya miaka mitatu, kisha kila baada ya miwili, na ukaguzi huo, pamoja na bima na kodi zinazolipwa humo, ni ghali. Wengi huona heri kuuza kabla ya ukaguzi unaofuata.

47. Japani kodi ya mwaka hupanda kwa ngazi za cc 500. Sasa utaelewa kwa nini 1G-FE ina cc 1,988 na 1JZ ina 2,491: kila injini imesimama kidogo tu chini ya mstari. Mstari wa cc 2,000 una maana hata kwetu, kwa sababu ushuru wa bidhaa wa Tanzania hupanda injini inapouvuka. GX iko upande wa nafuu, JZX upande wa ghali.

48. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane. Tanzania inaruhusu, ila gari likizeeka hutozwa ziada kwa uchakavu. Ndiyo maana magari ya miaka ya 1990 yaliendelea kutua Dar es Salaam muda mrefu baada ya Mombasa kuyafungia mlango.

49. Usukani wa kulia hautufai sisi tu. Kenya na Uganda pia huendesha upande wa kushoto. Lakini vuka daraja la Rusumo kuingia Rwanda, na papo hapo unahamia kulia. Burundi na Kongo ni vivyo hivyo.

50. Ziwa Victoria liko takriban meta 1,134 juu ya usawa wa bahari, na Mwanza imejengwa juu yake kidogo. Hewa hapa ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam, na injini isiyo na turbo hupoteza kati ya asilimia 10 na 13 ya nguvu zake. Farasi 160 wa GX 110 wanabaki kama 140 wakati inapopanda kilima cha Bugando. Turbo hufidia sehemu kubwa ya upungufu huo kwa sababu kazi yake ni kuisukuma hewa ndani kwa nguvu.

51. Daraja la J.P. Magufuli, Kigongo hadi Busisi, lililofunguliwa Juni 2025, lina urefu wa kilomita tatu. Ukienda kilomita 50 kwa saa unalivuka kwa dakika tatu na sekunde 36. Ukienda 180, ile namba ya mwisho ya dashibodi, ni dakika moja. Umeokoa dakika mbili na sekunde 36 mahali ambapo kivuko kilichukua nusu saa au zaidi, kusubiri foleni hakujahesabiwa.

52. Ukizidisha mwendo mara mbili, umbali wa kusimama kwa breki unazidi mara nne. Kwa tairi nzuri na lami kavu, gari lililo kwenye 50 huhitaji kama meta 14 baada ya mguu kugusa breki. Lililo kwenye 100 huhitaji kama 55. Ongeza meta ambazo gari limekwenda kabla hujashtuka: 14 kwa lile la kwanza, 28 kwa lile la pili. Jumla ni 28 dhidi ya 83. Kanuni hiyo imo hata ndani ya Gran Turismo, na ndiyo inayowafelisha wengi mtihani wa leseni B.

53. 1JZ-GTE ilitengenezwa kwa petroli ya oktani ya juu ya Japani. Ukiilisha mafuta hafifu, mchanganyiko hulipuka kabla ya wakati wake ndani ya silinda, na fundi atakuambia injini "inagonga". Turbo huongeza joto na mgandamizo, kwa hiyo kugonga huko huiumiza haraka kuliko 1G-FE ya kawaida.

54. La mwisho ni la mfukoni. Maandishi ya "Tourer V" hununuliwa dukani na kubandikwa na gundi. Kwa hiyo ukioneshwa moja yadi, usianzie kwenye buti. Fungua boneti, tafuta kibati cha chuma chenye namba ya chasisi na aina ya injini, kisha linganisha na kadi ya gari. Hapo tafuta turbo, na ulize kama injini ni ya asili au ilibadilishwa. Kibati kikisema GX, usilipe bei ya JZX.